Nguva bila bahari: tulichoachiwa na wachoraji wa enzi ya Malkia Victoria

Nguva humshinda mchoraji kiunoni. Uso utatoka, nywele zitatoka, hata bahari ya kubuni itapita, lakini pale ngozi ya mtu inapoanza kuwa ngozi ya samaki ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na mtazamaji anabaki kumwona dada aliyevaa suruali ya magamba. John William Waterhouse, mchoraji Mwingereza, alilijua tatizo hilo. Katika A Mermaid, mchoro alioukamilisha mwaka 1900 na ambao ni mali ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, nguva amekaa kwenye ghuba yenye miamba akichana nywele zake nyekundu, mkia umejikunja kumzunguka, na huoni mstari unaosema mtu kaishia hapa. Magamba yanaingia taratibu chini ya nyonga. Kwanza rangi inabadilika kidogo, kijivu kikinyemelea waridi ya ngozi, kisha unakuja mng'ao wa majimaji, na mwisho kabisa ndipo gamba lenyewe linasomeka.

Wachoraji wa Dodoma wanaopenda viumbe wa hekaya huwa na kisingizio kimoja: bahari iko mbali, kilomita 450 hivi kwa barabara hadi Dar es Salaam. Ni kisingizio dhaifu. Waterhouse na wenzake nao hawakuwahi kukutana na nguva. Walimuunga kwa vipande walivyoweza kuvishika: mwamba, samaki, kitambaa kilicholowa, mwanamitindo aliyechoka kukaa, tangi la maji. Ukitoa kupwa na kujaa kwa bahari, vipande hivyo vyote vinapatikana hapa mjini.

Kabla ya brashi, amua unamchora nani, kwa sababu picha za enzi ile zimechanganya wanawake wengi wa majini na mtandaoni wote wanaitwa nguva. Nguva mwenyewe, wa hadithi za Ulaya ya kaskazini, ana mkia, kitana, na mara nyingi kioo. Saireni wa hekaya za Kigiriki ni mwimbaji anayewapoteza mabaharia, na asili yake ni ndege. Waterhouse alipochora Ulysses and the Sirens mwaka 1891 alimfuata mchoraji wa chombo cha kale cha Kigiriki kilichopo British Museum, akatoa viumbe saba wenye vichwa vya wanawake na miili ya ndege wakiizingira merikebu. Mchoro huo uko Melbourne, Australia. Nimfu wa maji baridi hana mkia wala mabawa, ni msichana mzima aliyezama hadi kifuani kati ya mayungiyungi, kama wale saba wa Hylas and the Nymphs wa mwaka 1896, ulioko Manchester. Circe, mchawi wa hekaya za Kigiriki, ana kikombe, na Proserpine, malkia wa kuzimu, ana komamanga lililong'atwa. Ukimpa nguva komamanga bila sababu, anayejua atacheka.

Kuhusu ala ya muziki una uhuru zaidi. Saireni wa Waterhouse ana kinubi kidogo cha Kigiriki, lakini hakuna sheria inayomkataza saireni wa Dodoma kushika zeze la Kigogo. Angalia tu mikono. Kinubi hukwanyuliwa kwa vidole, zeze hupigwa kwa upindi, kwa hiyo kiwiko cha mkono wa kulia kinatoka nje ya mwili na bega linashuka. Anayechora zeze huku ameacha mikono ya kinubi anaharibu kitu ambacho kila mtu wa huku atakigundua kabla hajaangalia mkia.

Sasa mkia. Mkia wa samaki umesimama wima na humsukuma kwa kwenda kushoto na kulia. Uti wa mgongo wa binadamu hujikunja zaidi kwenda mbele na nyuma. Ukivichomeka pamoja bila kufikiri unapata kiumbe ambacho hakiwezi kuogelea, na jicho la mtazamaji hulihisi hilo hata kama mdomo hauwezi kulieleza. Nguva yule mnyama, anayeonekana kwa nadra kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ana mkia uliolala, nao hupiga maji kwenda juu na chini. Huo ndio unaokubaliana na mgongo wa mtu. Njia ya pili ni kuusokota mkia ili mtazamaji asijue umeanza upande gani. Frederic Leighton, katika The Fisherman and the Syren, kazi ya ujanani mwake ya miaka ya 1856 hadi 1858, aliuzungusha kwenye mguu wa mvuvi, na hapo mkia ukafanya kazi mbili: unaficha tatizo na unaeleza kisa. Dante Gabriel Rossetti hakujisumbua kabisa. A Sea-Spell wake wa mwaka 1877 amekatwa na fremu kiunoni. Kwa anayeanza, huo si uvivu, ni akili.

Ukiamua kuuonyesha mkia mzima, pima kwa vichwa. Mtu mzima wa kuchora ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, na nusu ya urefu huo iko chini ya nyonga. Mkia ukiupa urefu uleule wa miguu utaonekana umekatwa, kwa sababu hauna goti wala kisigino cha kulipumzisha jicho. Nyoosha hadi vichwa vinne na nusu au vitano kabla ya pezi. Sehemu nyembamba kuliko zote, pale mkia unapokutana na pezi, isizidi nusu ya upana wa kichwa. Mpito wa ngozi kwenda magamba uupe nafasi ya kichwa kizima kwa urefu. Ukiubana kwenye sentimita moja au mbili, suruali inarudi.

Kwa magamba, nenda sokoni Majengo asubuhi ukanunue sato mzima, na umwambie muuzaji mapema asimpare. Mlaze kwenye sinia karibu na dirisha, mrushie maji kwa chupa ya kupulizia, kisha umtazame kabla hujachora chochote. Utaona mambo matatu ambayo picha za simu hazikuonyeshi. Magamba hayalingani: makubwa yako ubavuni, madogo yako tumboni na kwenye shina la mkia. Safu zake zinakwenda mshazari, na kingo zilizo wazi zinaelekea mkiani. La tatu ndilo kubwa zaidi: mwanga hauangukii kila gamba. Unaanguka kama mkanda mmoja mrefu juu ya ubavu, umekatikakatika kidogo, na ndani ya mkanda huo magamba hayaonekani kabisa, yameunguzwa na mwanga. Kwenye kivuli cha tumbo nako hayaonekani. Yanaonekana pale katikati tu, mwanga unapoanza kufifia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Paka mkia wote kama umbo laini la mviringo lenye ngazi tatu za mwanga, bila gamba hata moja. Acha ushike. Kisha chora magamba kwenye ukanda wa kati peke yake, ukiyabana yanapozunguka kwenda ukingoni. Mwisho weka vidonoo vichache vya mwanga, kumi au kumi na tano kwa mkia mzima. Wanaoanza na wavu wa magamba kutoka kiunoni hadi pezini hupata mkia bapa, na hakuna kivuli kitakachouokoa baadaye. Rangi yenyewe si ile kijani ya katuni. Mkia wa Waterhouse ni wa fedha yenye kijivu na ubuluu. Changanya kijani cha viridiani na nyekundu ya alizarini hadi zifutane, utapata kijivu chenye uhai, kisha kipe nyeupe na buluu ya kobalti kidogo. Samaki mwenyewe anafifia upesi akishakufa, rangi ya mgongoni inaondoka kwanza, kwa hiyo andika michanganyiko yako mapema. Akianza kunuka umechelewa hata kumkaanga.

Miamba tunayo tele, lakini ni mawe ya graniti ya mviringo, yanayobanduka kwa maganda, na hayajui chumvi. Yafaa kwa kujifunza kulowa. Mwagia maji nusu ya jiwe saa mbili asubuhi: nusu iliyolowa inashuka ngazi mbili za giza, rangi yake inakolea, na vinatokea vidonoo vikali vya mwanga kwenye kingo. Jua la Dodoma halikupi muda, kwa hiyo kaa na chupa ya kupulizia mkononi. Kitu ambacho jiwe letu halina ni alama za maji ya bahari. Mwamba wa pwani una mikanda: juu mkavu na mweupe, katikati mweusi wa mwani mkavu, chini kijani chenye utelezi. Hiyo uiongeze wewe, bila hivyo nguva wako ataonekana kaletwa na lori la kokoto. Na kama unamweka Bahari ya Hindi, mwamba wake ni wa matumbawe yaliyotoboka, uliomung'unywa na mawimbi kwa chini. Graniti ya mviringo pale itamfanya msomaji wa Tanga au Kilwa akunje uso.

Maji ya bwawa la Mtera yana tope kuliko bahari, ila kanuni ya kivuli majini ni ileile: kitu cheusi kikiakisiwa huonekana cheupe kidogo, na cheupe huonekana cheusi kidogo. Anayenakili rangi zilezile juu na chini anageuza maji kuwa kioo cha kinyozi.

Chini ya maji ni habari nyingine. Edward Burne-Jones alipochora The Depths of the Sea, nguva anayemshusha mwanamume hadi sakafu ya bahari huku akitabasamu, aliazima tangi kutoka kwa mchoraji mwenzake Henry Holiday, akalijaza maji yaliyotiwa rangi ili aone vitu vinavyobadilika humo. Mwaka 1886 mchoro huo ulionyeshwa Royal Academy, na ndio pekee aliowahi kuupeleka huko. Tangi lake unaweza kuliiga kwa chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, cha lita 20, na matone manne au matano ya rangi ya chakula ya kijani. Weka nyuma yake karatasi ya kijivu, ingiza mkono hadi kiwikoni, utazame kwa ubavuni. Wekundu wa vidole unapungua, vivuli vinapanda na kuwa vyepesi, kingo zinalainika, na tofauti kati ya mwanga na giza inabanwa kuwa ndogo mno. Pale mkono unapovuka uso wa maji unavunjika. Wengi hukosea kwa kudhani kina kinaelezwa kwa buluu. Kinaelezwa kwa kuondoa: ondoa nyekundu, ondoa nyeusi kabisa, ondoa nyeupe kabisa. Buluu ukitaka iongeze mwishoni.

Sijui kwa nini watu wanaisifu zaidi Ophelia ya Millais, mchoro wa binti wa tamthilia ya Hamlet akizama mtoni, kwa yule binti kuliko kwa mimea yake. John Everett Millais alianza na mandhari, majira ya joto ya 1851, akikaa kando ya mto Hogsmill huko Surrey miezi kadhaa, akaacha nafasi nyeupe ya mtu. Mwanamitindo wake, Elizabeth Siddal, aliingizwa baadaye, ndani, akiwa amelala kwenye beseni la kuogea lililopashwa moto kwa taa kwa chini. Taa zikazimika, hakusema kitu, akaugua, na baba yake akadai fidia ya pauni 50. Ophelia ni wa tamthilia, si wa hekaya, lakini namna ile ya kufanya kazi iliwafaa wote waliochora wanawake majini: mandhari kwanza, mtu baadaye, ili mwanga wa mandhari ndio umtawale mtu. Siku hizi hakuna haja ya kumlowesha mtu mzima. Lowesha khanga, ivishe kwenye goti au bega la mwanamitindo, chora mikunjo ndani ya dakika ishirini, kisha mpe kitambaa kikavu. Juni na Julai, upepo wa hapa ukianza jioni, hata hiyo khanga iache.

Leighton alikuwa na subira kuliko wote kwenye mambo ya nguo. Alichora kwanza mwili kwa chaki kwenye karatasi ya rangi ya udongo, kisha nguo peke yake, kisha kielelezo kidogo cha rangi, na ndipo akahamishia kwenye kanvasi kwa miraba. Kwenye kanvasi pia aliupaka mwili kwanza, kwa rangi moja ya kahawia, halafu akauvika. Ni kazi mara mbili, lakini ndiyo inayofanya nguo ya Flaming June ya mwaka 1895 ionekane ina mtu ndani. Mikunjo iliyobuniwa kichwani huning'inia bila kujua goti liko wapi.

Ngozi. Mapishi ya wachoraji wale yalikuwa ya ngozi nyeupe za London: nyeupe, oka ya njano, nyekundu ya vemilioni, na kijani au buluu kwenye vivuli. Ukiyachukua yalivyo na kuyatia nyeusi ili yawe ya Kitanzania unapata majivu. Ngozi nyeusi ijengwe kwa rangi za udongo za kahawia, yaani amba iliyochomwa na sienna iliyochomwa, pamoja na buluu ya ultramarini na alizarini, na nyeusi ya tyubu isiguse paleti. Vivuli viwe na joto, vielekee kwenye wekundu. Mng'ao uwe baridi, wa rangi ya anga, na kwa ngozi iliyolowa uwe mdogo lakini mkali kuliko unavyothubutu. Wachoraji wenyewe wa enzi ile walilijua jambo hili pale walipotaka. Fanny Eaton, mzaliwa wa Jamaica, alikaa kama mwanamitindo wa Simeon Solomon kwa The Mother of Moses mwaka 1860. Mwaka uliofuata Joanna Boyce Wells alichora kichwa chake, kazi inayodhaniwa kuwa ya matayarisho ya mchoro mkubwa wa mwanamke wa kale, Sibila au Malkia Zenobia. Joanna akafariki mwaka huohuo wa 1861. Kielelezo kile ni somo tosha la kupaka ngozi nyeusi karibu na nguo nyeupe na lulu.

Nywele zipakwe kwa mafungu. Giza lote kwanza, kisha mafungu manne au matano makubwa, kisha mng'ao unaovuka mafungu hayo kwa mkingamo, na mwisho unywele mmojammoja usiozidi ishirini, hasa ukingoni. Nywele za Waterhouse hata hazijalowa sana, ndiyo maana zinachanika. Mwanamitindo mwenye twende kilioni ana faida kubwa: mistari ya kichwani inaeleza umbo la fuvu bila jasho. Kila mstari ukiuchora kwa unene mmoja kutoka kipaji hadi kisogoni, fuvu linakuwa bapa. Ufanye mwembamba na uliobanana unapozunguka kwenda nyuma.

Suala la kifua wazi litakuja tu, hasa kama mchoro unakwenda ukumbi wa hoteli au ofisi hapa makao makuu ya nchi. Wenyewe Waingereza hawajamalizana nalo. Januari 2018 jumba la Manchester liliuondoa Hylas and the Nymphs ukutani kwa siku chache ili kuanzisha mjadala, na kelele zikawa nyingi. Wanawake waliosoma Royal Academy zama zile walizuiwa kuchora kutoka kwa mtu aliye uchi hadi miaka ya 1890, wakati wanaume walikuwa wakifanya hivyo kila wiki. Evelyn De Morgan alipata nafasi kwa kusoma Slade, shule iliyofunguliwa mwaka 1871 na kuwapokea wanawake. Nguva zake watano wa The Sea Maidens, wa miaka ya 1885 na 1886, naona ni bora kuliko wengi wa wenzake wa kiume kwa sababu hawamsubiri baharia yeyote. Wameshikana mikono na kuangalia mambo yao. Kwa njia za kawaida za kufunika, nywele ndefu zinatosha, na kanga iliyogandana mwilini inapendeza kuliko sidiria ya kome, kitu ambacho hukioni kwa Waterhouse.

Nimeacha vifaa hadi huku chini kwa sababu ndipo Dodoma inapoadhibu.

Uwiano wa A Mermaid, sentimita 96.5 kwa 66.6, unakaribiana na kanvasi ya 58 kwa 40, saizi nzuri ya kujifunzia. Fundi seremala akutengenezee fremu ya mbao kavu ya paini, yenye ukingo wa ndani uliochongwa mshazari ili kitambaa kisiguse ubao. Kitambaa ni marekani, kipande cha 70 kwa 52. Kifue kwanza kwa maji moto utoe wanga wa kiwandani, kisha kipige pasi. Wanga ukibaki, rangi ya msingi inakaa juu bila kushika. Vuta kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, ukibadilisha pande zinazokabiliana. Ukianza na pembe utapata mikunjo isiyoondoka.

Msingi wa bei nafuu wa mazoezi: gundi nyeupe ya mbao kipimo kimoja, rangi nyeupe ya maji ya ukutani kipimo kimoja, unga laini wa chaki kipimo kimoja na nusu, maji nusu kipimo. Koti la kwanza liongezewe maji kidogo. Makoti matatu, msasa namba 220 katikati. Chaki ikizidi, msingi unapasuka ukibonyeza kitambaa kwa nyuma. Usipake saa sita mchana. Hewa kavu inaugandisha msingi chini ya brashi na kuacha matuta na vitundu vidogo. Alfajiri au baada ya magharibi ni afadhali, na mwaga maji sakafuni kwanza ili vumbi lilale. Kazi ya kuuza itumie jesso, yaani msingi uliotengenezwa tayari, ya dukani.

Mafuta ni ya kitani. Alizeti ya Singida na Dodoma iache jikoni: hukauka nusunusu tu, itanata kwa miezi na kuokota kila vumbi linalopita. Mafuta ya taa yanaacha ute, na thina ya magari inayeyusha tabaka la chini. Tapentaini ya duka la vifaa vya ujenzi inafaa kwa tabaka la kwanza na kuoshea brashi, dirisha likiwa wazi. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililo chini yake. Tabaka la kwanza la amba liwe jembamba, litakauka siku mbili au tatu. Alizarini na nyeusi ya pembe huchelewa kuliko zote, basi zisiwe chini. Joto letu linatengeneza ngozi juu ya rangi nene wakati ndani bado mbichi, na ndani inapokuja kukauka, ngozi ile inakunjamana. Akriliki chini ya rangi ya mafuta ni sawa, juu yake hubanduka.

Anayedhani haya ni masharti ya watu wa vitabu amwangalie William Etty. The Sirens and Ulysses wake, wa mwaka 1837, ni mkubwa wa karibu mita tatu kwa nne na nusu, na alitumia gundi kali kuimarisha rangi. Ilipokauka ikawa ngumu, rangi ikaanza kubanduka, na mchoro ukakaa ghalani miaka mingi hadi ulipokarabatiwa na kurudi ukutani Manchester mwaka 2010. Wengine walitumia lami ya kahawia, inayong'aa vizuri siku ya kwanza na haikauki kamwe, ikavuta tabaka zote na kuzipasua. Burne-Jones alipoambiwa kwamba kahawia yake ya mumia ilitokana na maiti za Misri zilizosagwa, aliizika tyubu bustanini.

Na kuna kitu kimoja cha kwetu kwenye picha zile: sandarusi, utomvu wa miti ulioganda. Iliyochimbwa mchangani pwani yetu ilipitia Unguja hadi viwanda vya vanishi vya Ulaya na Marekani, na vanishi za aina hiyo ndizo wachoraji wa kundi la Millais walipenda kuchanganya na rangi zao ili zing'ae. Usijaribu kuipika. Sandarusi ngumu huyeyuka kwa joto kali sana ndani ya mafuta yanayoweza kuwaka, na ikizeeka inakuwa nyeusi na kukatika. Mafuta ya alkidi ya dukani yanafanya kazi ileile.

Rangi moja unaweza kuitengeneza mwenyewe, nayo ndiyo nzuri kwa nywele za nguva. Michoro ya miamba ya Kondoa, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, imedumu kwa sababu wekundu wake ni madini ya chuma. Pale usiguse wala kukwangua chochote. Udongo mwekundu wa kando ya barabara unatosha. Kilo moja kwenye ndoo ya lita 10, koroga, subiri nusu dakika mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye ndoo nyingine, yaache yatulie usiku kucha. Mwaga maji ya juu, suuza mara mbili, anika, chekecha kwa kitambaa. Saga kwa chupa juu ya kigae, ukianza na kijiko kimoja cha mafuta ya kitani kwa vijiko vitatu vya unga. Ukihisi mchanga chini ya chupa, rudi kwenye ndoo.

Mwanga wa kufanyia kazi: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini mwetu, hivyo dirisha la kusini ndilo tulivu. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari geukia la kaskazini. Mchoro mbichi uegemeze ukutani ukiangalia chini kidogo, sentimita kumi toka ukutani, na juu yake shuka isiyogusa. Usiufungie kabatini, maana mafuta ya kitani hugeuka manjano gizani. Weka sahihi kwa rangi nyembamba kabla ya vanishi, na vanishi yenyewe isubiri miezi sita kwa rangi nyembamba, mwaka kwa ile nene ya kwenye vidonoo vya magamba. Kabla ya kupaka, futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba na ulaze mchoro mezani. Ukiupaka umesimama, vanishi inateremka na kujikusanya penye mkunjo wa mkia.